Maji yanatiririka ndani ya madirisha ya boti wakati wa baridi: je, boti inavuja?

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuishi ndani ya boti katika nchi yenye majira ya baridi kali. Hapa Kisumu kila ninayemuuliza anaijua boti ya kuvulia omena au ya kuvushia abiria, lakini boti ya kulala na kupikia miezi yote ya mwaka hakuna anayeweza kunieleza habari zake.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Kazi aliianzia hapa ziwani, na tangu Machi yuko Bristol, magharibi mwa Uingereza, katika karakana ya boti. Kodi za nyumba mjini humo zilimshinda, kwa hiyo amepanga boti ya faibaglasi yenye urefu wa mita kumi hivi, iliyofungwa katika marina, yaani bandari ndogo ya kuegeshea boti, na humo ndimo anamolala, anamopika na kufulia soksi zake. Tangu aingie hajalalamika hata siku moja. Wakati wa joto alikuwa akinionyesha kwa simu bata wakipita karibu na dirisha. Sasa mimi na binti yetu wa miaka sita tumepata nafasi ya kumtembelea likizo hii ndefu, na tutakaa naye wiki sita kuanzia katikati ya Novemba.

Kilichonitia wasiwasi ni mazungumzo yetu ya Jumapili iliyopita. Alipopiga simu ya video niliona dirisha lililo nyuma yake likitiririka maji kwa upande wa ndani, naye akiyafuta kwa kitambaa huku tunaongea, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nikamwomba anionyeshe kitanda. Alipoinua pembe ya godoro, upande wa chini ulikuwa na madoa meusi, na ubao ulioko chini yake uling'aa kwa maji. Yeye anasema ndivyo baridi ilivyo. Mimi nimekulia Dunga, kando ya ziwa, na tangu utotoni nimefundishwa kwamba maji yakionekana ndani ya chombo, kwanza unayakumba, kisha unatafuta tundu.

Je, boti hiyo inavuja? Na kama haivuji, mtoto ambaye hajawahi kuona baridi kuliko ile ya usiku wa Julai hapa Kisumu atalalaje humo? Mume wangu ana hita ya umeme na hita ya dizeli, na umeme ukikatika huwasha jiko la gesi kwa dakika chache ili apate joto. Naomba mnijibu kwa kirefu, maana tikiti tayari tumenunua.

Aliyerudi Mamboleo (Kisumu)

Mwalimu, pole kwa wasiwasi. Niliishi ndani ya boti kwa majira matatu ya baridi katika marina moja ya kusini mwa Uingereza kabla ya kurudi nyumbani, na dirisha kama hilo nililifuta kwa mkono wangu kila asubuhi kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi.

Kwa namna ulivyoeleza, nina imani kubwa kwamba boti haivuji. Maji hayo yanatoka kwa mumeo mwenyewe na kwa sufuria zake. Bila shaka umeona chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji pale dukani inavyotoa jasho, na waliowahi kulala chini ya bati tupu kule Molo wanajua jinsi matone yanavyowadondokea alfajiri ingawa mvua haikunyesha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na inapogusa kitu cha baridi, mvuke huo hugeuka maji. Katika boti kila upande ni wa baridi: kioo, fremu ya dirisha, na zaidi ya vyote ubavu wa boti ulio nyuma ya kitanda, ambao kwa nje unaguswa na maji yenye baridi. Ndiyo sababu godoro limelowa chini na si juu. Joto la mwili hupenya hadi kwenye ubao, linakutana na baridi, na maji yanakosa pa kwenda.

Hata hivyo, kuamini si kuhakikisha. Mwambie akaushe kabisa sehemu ya chini ya boti, ile ambayo mabaharia wa pwani huiita ngama, kisha atandaze magazeti makavu humo na kuyaacha mchana na usiku. Maji yakiwa yanapanda kutoka chini, magazeti yatalowa kuanzia mahali fulani, naye atajua pa kutazama. Yakibaki makavu huku madirisha yakiendelea kulia, basi ni jasho tu.

Kuhusu mtoto kulala, anza na godoro. Lisikae juu ya ubao mtupu. Mumeo aweke vibao vyembamba vyenye nafasi kati yake, ili hewa ipite chini, na godoro lisigusane na ubavu wa boti. Nafasi ya vidole vinne inatosha. Kila asubuhi godoro lisimamishwe kwa saa moja. Madoa meusi uliyoyaona ni kuvu, na godoro lililokwisha kushikwa namna hiyo mimi singemlaza mtoto juu yake. Anunue jingine kabla hamjafika. Makabati nayo yaachwe wazi kidogo. Nilipoteza koti zuri la sufi kwa sababu nililifungia Novemba nikalitoa Januari likiwa na manyoya ya kijani.

Jambo la pili ni upishi. Sisi watu wa huku tunapika kwa maji mengi na kwa muda mrefu. Githeri inayochemka saa mbili bila kifuniko inajaza boti mvuke ambao utaukuta dirishani asubuhi, na maji ya ugali ni vivyo hivyo. Funika sufuria, fungua kijidirisha kilicho juu ya jiko, na kwa maharagwe tumia sufuria ya presha au uyanunue yaliyokwisha kuchemshwa. Nguo zisianikwe ndani kamwe. Katika marina nyingi kuna chumba chenye mashine za kufulia na kukaushia, na sarafu chache utakazotoa huko ni nafuu kuliko maji yote ya nguo kuingia katika hewa mnayovuta. Pia kuna mashine ya kukausha hewa. Ziko za aina mbili, na anunue ile yenye kemikali inayonyonya unyevu, kwa kuwa ile nyingine inayofanya kazi kama friji hulegea baridi inapozidi. Yangu ilikuwa ikijaza ndoo ndogo ya lita mbili kwa siku, na nilipoimwaga siku ya kwanza sikuamini kwamba maji yale yote yalikuwa hewani.

Maisha mengine mtayazoea, ila mtashangazwa na saa. Mwishoni mwa Desemba jua la Bristol huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama baada tu ya saa kumi jioni, kwa hiyo ile hesabu yetu ya saa kumi na mbili na jua kuzama haitakufaa hata kidogo. Mtoto ataamka gizani na kunywa chai ya jioni gizani. Jitahidini kutoka nje kila mchana, hata kama ni kutembea kando ya bandari tu. Mabomba ya maji yaliyoko kwenye gati huganda usiku wa baridi kali, au hufungwa na wenye marina kabla hayajapasuka, hivyo mumeo ajaze tangi mapema kila anaposikia utabiri wa barafu. Wengi huoga katika mabafu ya marina ili mvuke ubaki huko. Ukitoka bafuni funga kichwa kabla ya kuvuka gati.

Usiku upepo ukizidi, nilikuwa naziba tundu moja la hewa kwa soksi ili joto lisitoroke. Ilinisaidia kulala.

Fundi wa Usoma (Kisumu)

Mengi aliyoyaandika ndugu wa Mamboleo ni sahihi, na lile la magazeti nimeliazima. Lakini la soksi napinga kwa nguvu zote, na ninamwomba Mwalimu asilifuate hata kwa usiku mmoja. Matundu ya hewa katika boti yamewekwa kwa hesabu. Kuna kitu ndani humo kinachokula hewa kila kinapowaka, iwe ni jiko la gesi, hita au stovu ya kuni, na ukiziba tundu, moto unakosa hewa ya kutosha na kuanza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Vilevile tundu likizibwa unyevu hauna mahali pa kutokea, na lile dirisha linazidi kulia. Boti ikiwa ya baridi, dawa ni kuongeza joto kavu na kuacha hewa ipite.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jiko la gesi la mume wako, Mwalimu. Yeye ni fundi mwenzangu na sitaki kumvunjia heshima mbele ya mkewe, ila tabia hiyo aiache leo. Jiko la kupikia halina bomba la kutolea moshi nje. Kila linachotoa kinabaki mnamolala. Na kwa habari ya maji: kila kilo moja ya gesi ya mitungi inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Kwa hiyo kila anapojipasha joto namna hiyo, anamwaga maji ndani ya nyumba yake. Hita ya dizeli iliyofungwa vizuri haina shida hiyo, kwa sababu huvuta hewa yake na kutoa moshi wake nje kwa bomba. Akague tu kwamba bomba hilo halina ufa, na kwamba turubai alilofunikia boti haliuzibi mdomo wake na kuurudisha moshi ndani.

Unasema umeme hukatika. Nadhani najua kwa nini. Soketi ya kwenye gati kwa kawaida hutoa ampea 16 kwa volti 230, yaani takriban wati 3,680 kwa boti nzima. Hita ya wati 2,000 ikiwa inawaka na mtu akaweka birika la umeme la wati 3,000, swichi inakata. Hakuna kilichoharibika hapo; ni matumizi tu. Azime hita kwa dakika tatu za kuchemsha chai, kisha airudishe. Waya wa umeme huchomekwa kwanza upande wa boti na baadaye upande wa gati, na unapotoa unaanza na gati, ili kusiwe na ncha yenye umeme mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya maji. Mtoto asiuguse kabisa.

Mtungi nao una siri yake. Gesi ya butani hukataa kugeuka mvuke joto linapokaribia digrii 0, na mtu atadhani mtungi umekwisha. Propani huendelea hadi digrii 42 chini ya sifuri. Kwa majira ya baridi atumie propani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zikivuja hazipandi kutoka dirishani kama watu wanavyofikiri, bali hushuka na kutulia katika ngama zikisubiri cheche. Afunge mtungi wenyewe kila mkimaliza kupika, si kitufe cha jiko pekee. Mambo ya injini sitayagusa, maana hakuna haja ya kumweleza fundi kwamba maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba.

Faraja moja kwa aliyekulia Dunga: ikiwa marina hiyo iko ndani ya bandari ya kati ya Bristol, basi boti haipandi wala kushuka na maji ya bahari. Mto Avon una maji kupwa na kujaa ya kutisha, zaidi ya mita 10, na zamani meli zilikuwa zikikaa kwenye tope maji yanapotoka. Ndipo wakajenga malango ya kuyafungia maji ndani, kazi iliyokamilika mwaka 1809, na tangu hapo vyombo vinaelea kwa kiwango kilekile kama vile viko ziwani. Bado kamba zikaguliwe kila baada ya upepo mkali, hasa pale zinaposuguana na ukingo wa gati.

Muuguzi wa Lanet (Nakuru)

Naongeza machache kwa sababu ya mtoto.

Kila mwaka Juni na Julai zinapofika, sisi tunaofanya kazi hospitalini katika sehemu za baridi tunajiandaa kupokea watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Nimewahi kupokea mama na watoto wawili kutoka chumba kimoja, alfajiri, wakiwa wameingia kulala wazima kabisa. Boti iliyofungwa kwa baridi ni chumba kidogo kuliko kile. Tafadhali, Mwalimu, dalili hizi zishike moyoni: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, na mtu kuonekana amechanganyikiwa. Hufanana na mafua, lakini hakuna homa, na mara nyingi mtu hupata nafuu akitoka nje na kuumwa tena akirudi ndani. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huweza kuathirika mapema. Akilalamika kichwa ndani ya boti, msimpe dawa kwanza. Tokeni nje nyote, hita izimwe, na muite msaada mkiwa nje.

Je, boti ina kengele ya kaboni monoksidi? Si ile ya moshi. Hizi ni mbili tofauti. Kwa boti nyingi za kulala zilizo katika mito na mifereji ya Uingereza, kengele hiyo imekuwa sharti la cheti cha usalama tangu Aprili 2019. Moshi wa jenereta ya jirani nao unaweza kuingia kwenu kupitia dirishani, kwa hiyo hata asiyewasha chochote anaihitaji. Muulize mumeo aibonyeze ukiwa unasikia, na asome tarehe iliyoandikwa nyuma, kwa kuwa kihisio kilichomo ndani huchakaa hata kama betri ni mpya.

La pili ni gati. Mbao zake huwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Maji ya ziwa letu yana joto la digrii 24 au 25, na mtoto wa Dunga anayaona kama rafiki. Maji ya bandari ya Uingereza mwezi Desemba huweza kuwa na digrii 6 au 7, na anayetumbukia humo hupoteza pumzi kabla hajafikiria kuogelea. Anatweta, anameza maji, na mikono inakufa ganzi kwa dakika chache. Mtoto avae jaketi okozi la kipimo chake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu, kila anapotoka mlangoni, hata akiwa ameshikwa mkono na hata kama bafu liko hatua thelathini. Nanyi mjue ngazi ya kupandia kutoka majini iko wapi katika gati lenu, na mwitafute mchana.

Aliyerudi Mamboleo (Kisumu)

Fundi, nimekubali, na ninaiondoa ile habari ya soksi mbele ya wote. Nilikuwa peke yangu na nilikuwa na kengele, lakini hilo si jambo la kumwambia mtu anayesafiri na mtoto.

Mwalimu, nilisahau sauti. Usiku wa kwanza binti yako ataogopa. Upepo ukivuma, kamba za milingoti ya boti za jirani hupiga chuma usiku kucha kama mtu anayegonga sufuria, na kamba za kufungia hulia zinapojivuta. Maji yakishika barafu nyembamba juu, boti inapocheza utasikia kama kioo kinavunjika kando ya sikio. Mwambie kabla ya kulala kila sauti inatoka wapi. Mpwa wangu aliponitembelea nilimtoa nje na kurunzi akazishika kamba zenyewe kwa mkono, na hakuamka tena usiku.

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Ndugu zangu, asanteni. Nilimsomea mume wangu majibu haya kwa simu usiku, yeye akiwa bado na nguo za kazi, na hakunikatiza hata mara moja.

Magazeti yalikaa katika ngama tangu Jumatano hadi Alhamisi jioni, na yametoka makavu isipokuwa pembe moja iliyo chini ya sinki. Alipomulika hapo akakuta kiungo cha bomba la maji safi kimelegea. Amekikaza, na magazeti mapya yamebaki makavu. Vibao vya kitanda ameanza kuvikata karakanani wakati wa mapumziko ya mchana, na godoro amelitoa.

Kuhusu kengele, Muuguzi, nilimwomba aibonyeze nikisikia. Ilikuwa imepigiliwa juu ya mlango, nayo ililia vizuri, hata akaanza kunicheka. Nikamwomba aigeuze. Nyuma kulikuwa na karatasi iliyofifia, akaisogeza karibu na kamera, tukasoma pamoja kwamba ilipaswa kubadilishwa mwaka 2019. Alinyamaza kwa muda. Leo asubuhi ameninong'oneza kwamba kwa wiki mbili zilizopita amekuwa akiamka na kichwa kizito, akidhani ni uchovu wa kazi.

Nimemwambia akamwone daktari leo hiihii na amweleze kuhusu jiko hilo la gesi, na amekubali. Kengele mbili mpya amezinunua mchana, moja ya sebuleni na moja ya pale tutakapolala, na usiku wa leo analala kwa rafiki yake wa karakanani mpaka hita ya dizeli na bomba lake zikaguliwe. Sisi tunasafiri tarehe 16. Jaketi okozi la mtoto nimelipata hapa Kisumu, ila halina ule mkanda wa miguuni. Fundi, je, naweza kuushona mwenyewe, au ni heri ninunue jingine huko?

Fundi wa Usoma (Kisumu)

Usishone, Mwalimu. Mshono wa nyumbani utaachia siku utakapohitajika. Mwambie anunue huko lenye kipimo cha uzito wa mtoto, na hilo la Kisumu mliache nyumbani. Na mimi namtakia mumeo majibu mema kutoka kwa daktari. Tafadhali rudi utujulishe.